Kijani kwa Macho

Droni imepanda juu ya Cwmystwyth,
inavuma kama nyuki aliyeudhiwa.
Chai ya Gwenllian inapoa juu ya ukuta wa mawe.

"Mbona ni kijani tupu?" ananiuliza.
Kijani, naam, kwa macho yetu.
Kamera inaona rangi isiyo na jina
kwa Kiswahili changu wala Kiwelisi chake,
na katika rangi hiyo nyasi zimekunja uso.

Mstari umesogea nanomita sita.
Sita tu! Unywele mmoja una unene mara elfu kumi ya hapo.

Kwetu neno ni lile lile, risasi:
ya bunduki na ya mgodini.
Hii ya hapa haina mlio.

"Kondoo wangu hawali upande ule," anasema.
"Tangu zamani. Nilidhani wanadeka."

Betri imebaki asilimia kumi na moja.
Anavua kofia yake ya sufu,
anaingia katikati ya majani:
"Basi ipitishe juu yangu.
Maji ya kijito hiki nimeyanywa miaka sabini."

Namwambia inasoma mimea tu.

Hasogei.