Kanuni za Uwanja wa Ihumwa, Chini ya Miaka Kumi na Miwili

Kabla ya kanuni zote, upepo.
Ukivuma kutoka Kikombo ukaziba macho ya mrushaji,
refa anyanyue mikono, watoto wachuchumae,
kofia usoni, hadi vumbi lishike njia yake.
Hesabu ya makosa ibaki palepale.
Vumbi si kosa la mtu.

Vituo ni vinne. Vitatu ni viroba vya pumba
alivyotushonea mama Ndahani wa mashine ya kusaga.
Cha nne, nyumbani, ni mfuniko wa pipa
tuliofukia ukalingana na ardhi.
Mtu asikifikie kwa kuserereka:
kokoto za hapa hazina huruma
na zahanati hufungwa saa tisa.

Mpira ukiingia kwenye minyaa
mpigaji apewe vituo viwili, na mtoto asiufuate.
Utomvu ule ulimfumba Chilewa jicho juma zima,
akawa anadaka kwa kusikia tu,
na tuseme ukweli, alidaka vizuri.

Mpira ukimgonga ng'ombe, mchezo umelala.
Hapa tulibishana hadi saa nne usiku.
Mwalimu Mhepela alitaka ng'ombe ahesabiwe mlinzi wa nje.
Nikamwambia, basi asajiliwe,
alete picha mbili za pasipoti.

Mrushaji asizidishe mara hamsini kwa siku.
Bega la miaka kumi na moja ni bua changa la mtama,
na kesho alfajiri lina ndoo ya kubeba.

Pointi tano kwa awamu zinatosha, mbadilishane.
Mwaka jana Nzuguni walifungwa thelathini na moja kwa sifuri,
wakarudi kwao kwa miguu
bila kusemezana.

Kofia ngumu ziko mbili.
Anayetoka amvalishe anayeingia, kwa mikono yake,
amfunge na kamba ya kidevuni,
hata kama asubuhi walipigana.

Mzazi akitukana, mwanawe asiadhibiwe.
Mzazi apewe ndoo, akanyunyize uwanja.

Umri uthibitishwe kwa cheti cha kuzaliwa.
Masinjisa hana.
Bibi yake anasema alizaliwa mwaka ule
mlenda ulipoliwa bila ugali,
na miaka ya namna hiyo kwetu
haijapata kuwa mmoja.
Tulimsimamisha kando ya gongo. Tulimhesabu meno.
Nikaandika: acheze.
Mhepela akakata.
Nikaandika tena.
Kanuni hii, ukiiona kwenye daftari,
ina wino wa rangi mbili.

Na hii niliiandika peke yangu, sikumuuliza mtu:
kila aliyefika apige, angalau mara moja,
kabla jua halijagusa paa la ghala.
Msimu mzima Nyemo alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.
Kila mwenzake alipoitwa kupiga
aliweka kokoto moja kwenye kopo la rangi.
Siku ya kufunga akaniletea kopo lile kwa mikono miwili.
"Mia mbili na sita, mwalimu. Hakuna yangu."

Gongo lisirushwe baada ya kupiga.
Lilazwe chini, ndipo ukimbie.

Jumamosi Nyemo aliitwa.
Kosa la kwanza. La pili.
Kisha mlio ule, kama kuni kavu ikipasuliwa,
na mpira ukapanda juu ya waya wa umeme,
ukapita vichwa vyote, ukaangukia kwenye majani makavu.
Akalilaza gongo taratibu, kama kanuni isemavyo,
halafu akasimama, anautazama.
Watoto wanapiga kelele, kimbia, kimbia we,
Masinjisa anapigapiga kiroba cha kwanza kwa kiganja,
na mpira umeshaokotwa, umeshaanza kurudi.

Nimepekua daftari jalada kwa jalada.
Hakuna kanuni inayompa mpigaji
muda wa kuutazama mpira wake.
Refa akanigeukia.
Mimi nikainamia daftari
nikajifanya kalamu imegoma.