Pumzi ya Delfina

Nilikuwa na miaka tisa
Bwana Odilon aliponikabidhi mvukuto,
ule wa mhunzi, ngozi yake imepasuka pembeni
ikazibwa kwa nta.
"Polepole, Lieven," akasema. "Hakimbii huyu. Amelala."

Dubu wake alikuwa amekufa Machi, huko Aalst,
kwa kula turubai iliyopakwa lami,
na mtu wa gulioni hawezi kukaa na hema tupu.
Ndipo akaikuta picha katika kilabu kimoja cha Kortrijk,
imeegemezwa ukutani kati ya mapipa,
rehani ya mchoraji aliyekunywa kuliko alivyochora.
Tajiri aliyeiagiza alikuwa ameikataa:
mkewe alisema uso ule anaujua.
Odilon akailipia magunia matatu ya viazi
na mnyororo wa marehemu dubu.

Jioni hupanda juu ya sanduku,
sauti yake ikishindana na kinanda cha farasi wa mbao:

     Njoni mabibi, mabwana, senti tano mlangoni,
     picha inayopumua, si uchawi si utani,
     ni rangi tu na mafuta, moyo unapiga ndani!

Nami nyuma, gizani,
nimechuchumaa baina ya fremu na ukuta wa hema,
nikiupuliza mgongo wa kitambaa, chini ya titi la kushoto,
kwa mrija wa bati.
Vuta. Ngoja. Sukuma.
Upande wa pili wachimba makaa walivua kofia.
Mama mmoja wa Ronse alifanya ishara ya msalaba.
Mwingine alidai arudishiwe senti zake,
kisha akarudi na dada yake.
Nilisikia yote. Sikuona kitu.
Delfina wangu mimi alikuwa misumari arobaini na miwili,
kiraka chenye umbo la kiatu,
harufu ya tapentaini
na ya konokono wa kuchemshwa kutoka hema la jirani.

Usiku mmoja nikasinzia.
Akakata pumzi mbele ya watu sitini.
Kwanza kimya; kisha mtoto akapiga yowe, "Amekufa!"
na hema zima likatoka mbio, likiangusha taa.
Odilon hakunipiga.
Kesho yake alipandisha bei.

Vita vikaja, hema likakatwa machela.
Nikajifunza kufuma, nikaoa, nikazika.
Habari zake nilizipata kama mtu apatavyo za shangazi wa mbali:
profesa fulani kamkuta darini,
kasafishwa, kavishwa fremu ya dhahabu,
sasa wanamwandikia vitabu.

Jumapili iliyopita mjukuu wangu Godelieve alinipeleka Ghent.
Chumba cha sita. Sakafu ya kung'aa, kamba nyekundu,
na kibao kisichotaja dubu wala viazi.

Basi ndiye huyu.
Nyayo zake ni kubwa kuliko nilivyodhani.
Na wala hajalala: jicho moja limefumbuka, kidogo sana,
kama la mtu anayesikiliza kitu kilicho mgongoni kwake.

Nilisimama pale hadi mlinzi akakohoa.
Mkono wangu wa kulia, huu wenye baridi yabisi,
ulikuwa umeanza wenyewe:
vuta,
ngoja,

"Babu," Godelieve akaniambia, "mbona huhemi?"