Kigezo S

Saa kumi na mbili na robo, kituo cha kupimia namba kumi na moja,
Barabara ya Mandela, upande wa Buguruni.
Kipimo kimesimama juu ya miguu yake mitatu,
kichwani kimevaa sifongo jeusi
ili upepo usije ukajihesabu kuwa gari.

Lusajo anahesabu. Vijiti vinne na mkato, vijiti vinne na mkato:
bajaji, pikipiki, pikipiki, lori la kontena,
pikipiki iliyobeba kitanda.
"Kaka, hii niiweke safu gani?"
Weka pikipiki. Kitanda hakina injini.

Watu wanasimama kututazama.
Mmoja anauliza kama nyumba yake itapigwa X.
Hapana mzee, tunapima kelele.
Anacheka mpaka anashika goti:
"Mkishazipima, mnazipeleka wapi?"

Sauti haijumlishwi kama mafungu ya nyanya.
Lori moja likipita: themanini.
Mawili sawasawa, bega kwa bega: themanini na tatu.
Ondoa nusu ya magari yote ya barabara hii
nami nitakukabidhi desibeli tatu,
na sikio litazipokea kama chenji ya shilingi hamsini,
litatia mfukoni bila kutazama.

Mita sita kutoka kwenye lami anashona Bi Sikujua,
miaka kumi na tisa, cherehani ileile.
Huongea kwa vipande. Hukata sentensi kama uzi,
husubiri, kisha huiunga palepale ilipokatikia.
"Marehemu mume wangu alikuwa na tabia ya—"
lori
"—kunyamaza."

Ni yeye aliyeniambia, pini zikiwa mdomoni:
"Yaliyojaa hayanisumbui. Yanapita kama mtu aliyeshiba.
Ni haya matupu, yanaporudi bandarini,
yakiliparamia lile tuta,
ndiyo yanayotugonganisha meno.
Kwani shuleni hukufundishwa habari za debe?"

Nilifundishwa. Nilidhani ni habari za watu.

Usiku, ofisini Mwenge, naifungua kanuni.
Ilizaliwa nchi ya theluji, haijawahi kuona bajaji.
Inauliza magari mangapi kwa saa, mazito asilimia ngapi,
mwendo, mwinuko, umbali wa ukuta.
Haiulizi lori limebeba nini.
Haijui honi ya salamu, honi ya tusi,
honi ya dereva anayejiamsha mwenyewe.
Kanuni inasema sabini na nne nukta sita.
Kipimo kinasema sabini na tisa nukta moja.
Katikati ya hizo namba mbili
kuna mtu anashona.

Halafu kuna ule usiku walipofunga barabara kumwaga lami mpya.
Nilikiacha kipimo dirishani kwake. Kiliandika hamsini na moja,
kikabaki hapo, kama kimesinzia.
Mjukuu wake, ambaye hulala breki za upepo zikifoka,
aliamka analia.
Nyumba nzima ikaketi vitandani
ikisikiliza kitu ambacho hakuna aliyekijua jina:
bomba likidondosha,
panya akifanya shughuli zake,
na saa ya ukutani
ambayo kumbe inatembea.
"Tulishikana mikono," alisema asubuhi,
bila kusimama katikati, sentensi nzima kwa mkupuo mmoja,
na mwenyewe akashtuka ilivyokuwa fupi.

Nikaigawa safu ya malori: yenye mzigo, matupu.
Lusajo akalalamika, akarudi juani siku nne,
akichungulia matela, akisikiliza minyororo.
Pengo likashuka. Lilikuwa nne na nusu,
likabaki moja nukta mbili,
na hapo likagoma.

Hiyo moja nukta mbili sikuipaka rangi.
Nimeiingiza kwenye mlinganyo, mwishoni, baada ya umbali,
nikaipa herufi S.

Msimamizi akaipitia ripoti, kalamu nyekundu mkononi.
"S ni kifupi cha nini?"

Sikujua, nikamjibu.

Akatikisa kichwa, akaandika pembeni:
*Kajifunze kwanza.*