Pumzi Kwenye Daftari

"Puliza!" anasema Masima.
Pua yangu imebanwa kibanio,
midomo imefumba bomba la karatasi.
"Vuta mpaka ujae, mama, kisha toa yote,
toa, toa, bado, ipo, isukume!"
Mimi niliyepuliza makapi miaka ishirini na mmoja
soko la mahindi Kibaigwa,
leo nimekuja Dodoma mjini kufundishwa kupuliza.

Mara tatu. Kisha dawa ya kuvuta,
benchi, robo saa ya kutazama viatu vya watu,
kisha mara tatu tena.
Mstari ukapanda wima kwenye kioo,
ukateremka bila kujikunja.
"Mapafu mazuri," akasema.

Nikaona aibu.
Nani huona aibu kuambiwa mzima?
Mtu anayelala ameketi tangu Pasaka,
aliyetema makohozi kwenye vikopo vitatu
akitafutiwa kifua kikuu kisichokuwepo,
aliyeambiwa na shemejiye: pumu ni ya watoto,
wewe una pumba tu kooni.
Pumu, pumba. Alicheka peke yake.

Nikafunga khanga niondoke.
"Wiki iliyopita ulikuwa wapi?"
Msibani, Mpwapwa. Siku tisa sikugusa ungo.
"Basi umeniletea kifua cha likizo.
Huyu ni wa kuja na kuondoka, mama.
Leo nimebisha hodi, hayupo;
kutomkuta si kusema hakai humo."

Akanipa kibomba cha plastiki chenye mshale mwekundu.
Alfajiri kabla ya kuwasha moto,
jioni kabla ya kula,
mara tatu, na iliyo kubwa ndiyo niandike.

Jumapili jioni: mia tatu tisini.
Jumatatu, malori ya Kiteto yameshusha,
vumbi limesimama sokoni kama ukuta: mia tatu na kumi.
Jumanne, jogoo hajawika: mia mbili arobaini.
Jumatano: Nyemo alikwenda shule na kalamu.
Alhamisi alfajiri: mia mbili thelathini.
Nilikikung'uta, nikidhani kimeharibika.
Jioni, mia tatu na ishirini.

Mimi si msomi, ila najua bei.
Najua gunia la Machi na gunia la Julai.
Usiku wa pili wa Jumapili nikapitisha kidole
juu ya tarakimu zangu, chini, juu, chini,
nikaelewa kabla sijapanda basi
siku moja ya kupepeta inanigharimu nini.

Masima akaunganisha nukta kwa penseli.
Zikatoka meno ya msumeno.
"Huyu hapa," akasema, kwa sauti ya chini,
kama mtu aliyemwona nyoka na hataki kumshtua.

Nikamtazama mpangaji wangu wa miaka yote:
meno matupu, hana uso.

Kisha kidole chake kikasimama penye Jumatano tupu.
"Na hapa?"
Hapo, nikamwambia, nilipumua bila shahidi.