Ngazini, Ruwi, Umeme Ulipokatika

Bibi alisema Banyani huhesabu miungu
kama anavyohesabu madeni: kwa daftari,
kwa wino mwekundu, hasahau hata mmoja.
Neno hilo nililibeba kutoka Unguja
pamoja na mbuzi ya nazi na picha za harusi,
likakaa nami Ruwi miaka kumi na tisa,
mlango wangu ukitazamana na wa Hemlata.

Agosti ile umeme ulikatika.
Tukatoka ngazini, kila mtu na kipepeo chake,
na joto, kama ujuavyo, hulegeza ulimi.
Nikamuuliza: ni kweli miungu yenu
ni milioni mia tatu na thelathini?

Akacheka. "Neno lenyewe ni *koti*."
(Mimi nikawaza koti la baridi, Maskati, Agosti!)
"Ni hesabu kubwa, na pia ni aina.
Kaka yangu anasema ni aina thelathini na tatu.
Mama alisema ni Mmoja, majina tu ni mengi.
Mjomba haamini hata nusu,
hekaluni Darsait anafuata ladu."

Na ng'ombe?
"Mama yako ulimbusu mkono. Ulimwabudu?"
Nikanyamaza. Asubuhi ile ile
nilikuwa nimeubusu msahafu
kabla ya kuurudisha rafuni.

Chirag, mwanawe, akachomoza kichwa:
wazee wao, kasoma kwenye simu,
walirusha ndege miaka elfu saba iliyopita.
"Wangekuwa na ndege," akasema Hemlata,
"babu yako mkuu asingetapika
njia nzima kutoka Mandvi."

Tulicheka mpaka jirani wa juu akagonga sakafu.
Ndipo nikasema, nikiwa bado nacheka:
basi na hayo ya matabaka ni uzushi pia.

Kipepeo kikasimama.
"Hapana. Hayo uliyasikia sawa.
Kwetu kulikuwa na kikombe cha mfagiaji,
kimetundikwa nje, kwenye msumari wake.
Mama, yule yule wa Mmoja mwenye majina mengi,
alikimimina chai kutoka juu
ili birika lisikiguse."

Nikakiona kifuu.
Nyuma ya jiko letu, Malindi,
kifuu cha kunywea maji cha kina Mabruki,
wao tu, sisi watoto tulikatazwa,
na bibi yangu hakukosa tahajudi hata safarini.
Miaka yote hii sijawahi kuuliza
kifuu kile kilikuwa cha dini gani.

Sikumwambia.

Umeme ukarudi, majokofu yakaguna.
Akanionyesha bili yake, haelewi:
tarakimu zile ambazo Mwarabu huziita za Kihindi
na Chirag anaapa kuwa ni za Kiarabu.
Nikamsomea mimi, Mswahili, kwa kidole,
sifuri hadi sifuri.

Deni lilikuwa kubwa kuliko alivyodhani.
Akaingia kutafuta miwani,
akaacha mlango wazi.