Upana wa Chumba

Nimetumwa kupima nyumba za Harat Sidri
kabla mvua nyingine haijazila.
Futi kamba, daftari, penseli iliyotafunwa kichwa.
Hilal anashika ncha ya pili na kupiga chafya:
udongo, makapi ya ngano, mavi ya popo.

Kuta ni nene chini, juu zinapungua
kama mtu aliyekonda akiwa amesimama.
Katika tofali moja kuna ukwato wa mbuzi,
alipita likiwa bichi, likianikwa juani,
na hakuna aliyejisumbua kuufuta.

Mlango ni mfupi. Utainama, upende usipende.
Ghala la tende lina vijifereji sakafuni,
asali ilishuka yenyewe mpaka mtungini.
Bado pananata, nasema mimi.
Hilal anasema hapana.

Chumba cha kwanza: mita mbili na sentimita themanini.
Cha pili: mbili na themanini.
Cha mjane, cha kadhi,
cha tajiri mwenye vishubaka kumi na viwili vya sahani za Kichina,
kirefu kama uchochoro,
upana ule ule.
Nikadhani kamba imeharibika.

Bi Shinuna, mzaliwa wa Chake,
anafuga kuku humu magofuni.
Akaniuliza kwa Kipemba naandika nini,
nikamwambia, akacheka, akanyoosha kidole juu:
"Chumba hakiipiti boriti, mwanangu."

Boriti.
Nyeusi kwa moshi wa miaka.
Mikoko ya Rufiji, ilihesabiwa kwa korija,
ikavushwa, ikauzwa, ikapanda bonde hili la mawe
ikiburuzwa ubavuni mwa ngamia.
Kwenye ncha ya mmoja pana chale tatu za shoka:
mtu aliyezama topeni hadi magotini
akiweka hesabu ya ujira wake
chini ya dari asiyoiona.

Na humu watu wakaoana, wakanuniana,
wakalala miguu kwa vichwa,
wakawaosha maiti wao,
kwa kipimo cha mti
ulioota kwenye maji ya chumvi
mahali ambapo wengi wao hawakufika.

Fomu ya ofisi ina visanduku viwili.
Asili ya vifaa: vya hapa. Vya nje.
Tia alama kimoja.
Nikamsomea Bi Shinuna.
Akamfukuza jogoo kizingitini, akakaa yeye.
"Na mimi ungenitia kipi?"

Penseli ikabaki hewani.
Nje, Hilal anapiga kelele
kwamba kamba imenasa mahali.