Aya ya Sita

Wakili Magoti amekwisha andika yote, zimebaki siku.
"Mahakama haina choyo cha muda," anasema,
"ila kila siku uliyochelewa uitolee maelezo,
moja moja, kama unachambua dagaa."

Mimi, Nkwimba Maziku, mtu mzima, mkazi wa Igogo,
naapa na kueleza:

siku ishirini na moja za kujibu madai zilikwisha Ijumaa.
Jirani anadai ukuta wangu umekula
hatua mbili za kiwanja chake.
Ukuta umeegemea jabali, na jabali
halijasogea tangu nizaliwe.
Lakini hayo ni ya utetezi,
na utetezi ndio uliochelewa.

Ya kwanza na ya pili nilikuwa Bugando,
binti yangu Limi kajifungua kwa kisu.
Stakabadhi ninayo. Imemwagikiwa chai, inasomeka.
Ya tatu nilitafuta mtu wa kumtolea damu.
Ya nne karani alikwenda kula, akarudi na dirisha limefungwa.
Ya tano mtandao wa mahakama ulilala,
tukalala nao.
Ya saba niliuza magunia mawili Mwaloni
kwa bei ya kutukanwa, nipate ada.

"Umeruka ya sita."

Siku ya sita nilioga, nikajifunga khanga,
bahasha kwapani, nikateremka.
Limi alikuwa anakunywa uji. Mtoto ananyonya.
Hakuna aliyeniita.
Nikafika kwenye mawe, nikakaa.
Mnandi alikuwa anaanika mbawa,
nami sikuwa na la kuanika.
Nikakaa hadi jua likavukia Sengerema.

Wakili akavua miwani. "Tuandike homa."
Homa ina cheti, nikamwambia. Cheti sina.
"Basi msiba."
Nife nani?
Akaandika, polepole, kama anayejichoma sindano:
*Siku ya sita mwombaji alikaa.*
Nikatia sahihi. Mhuri ukagongwa juu ya neno la mwisho.

Jumatano tumefika saa mbili kamili,
mimi, wakili, jirani na viatu vyake vipya.
Hakimu yuko semina Dodoma.
Shauri limeahirishwa siku thelathini na nne.
Nikamuuliza karani: na hizi, nani anaziapia?
Hakuinua uso. Akanakili tarehe kwenye jalada,
akaita jina linalofuata.

Nimerudi kwa miguu, njia ya mawe.
Jirani kapita huko huko, nyuma yangu kidogo.
Tumekaa, kila mtu na jiwe lake.
Mpaka, hatukuupima.